Mrejesho: gia zilizokuwa zinagoma, kumbe silinda ya chini

Wakuu, nawaletea mrejesho wa ile pikapu ya dizeli niliyoulizia: namba 1 na rivasi zinagoma injini ikiwaka, ukizima zinaingia laini. Wengi mlisema klachi pleti imekwisha. Aliyesema klachi haiachii (ukikanyaga, haitenganishi injini na giaboksi) ndiye aliyepatia. Pleti iliyokwisha huteleza, injini inanguruma gari haliendi.

Fundi alifunua kiraba cha silinda ya klachi pale kwenye giaboksi, mafuta ya breki yakachuruzika. Sili imekufa, ndiyo maana klachi ilikuwa haiachii. Tukafunga silinda mpya, tukatoa upepo: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine analegeza nati ya kutolea upepo na kuikaza kabla pedali haijaachiwa, mpaka mapovu yaishe. Kikopo cha juu cha mafuta kisikauke, la sivyo mnaanza upya. Mwisho akarekebisha uchezaji wa pedali, yaani ile nafasi ndogo inayocheza kabla klachi haijaanza kusukumwa. Ukiumaliza wote, bearing ya klachi inabaki imebanwa muda wote na kuungua.

Oili ya giaboksi nayo tumebadilisha, daraja la GL-4 kama kitabu cha gari kinavyotaka. Dukani walinisukumia GL-5, nikagoma.

Kimebaki kimlio gari likiwaka limesimama, nikikanyaga klachi kinapotea. Nahisi bearing ya shafti ya giaboksi. Aliyewahi kuibadilisha, ufundi shilingi ngapi?