Wajibu bila Mungu: unafundishika shuleni?

Wa Kamalondo (mwenye mada): Ndugu zangu wa Lubumbashi, Katiba ya nchi yetu, Kongo (DRC), ya 2006, kifungu cha 1, inasema serikali yetu si ya dini. Kifungu cha 63 kinasema kulinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu. Kifungu cha 74 kinamtaka Rais aape mbele ya Mungu na taifa. Je, waandishi waliteleza, au wajibu hausimami bila dini? Na kama hausimami, mwalimu wa uraia anawafundisha watoto nini? Mimi nasema hausimami. Amri inamtaka mwenye kuamuru. Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa Mwingereza, alilieleza hivi mwaka 1958: ukimwondoa Mungu mtoa sheria ukabaki na "lazima" ya maadili, ni kama kuendelea kumwita mtu mhalifu wakati sheria za jinai na mahakama zimeshafutwa. Ukali wa neno unabaki, maana imekwenda.

Wa Katuba: Umewaruka Warumi. Cicero, mwanasiasa wa Roma, alimwandikia mwanawe kitabu kizima juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, akifuata Wastoiki, wanafalsafa wa Ugiriki. Mwishoni mwa karne ya 4, Ambrose, askofu wa Milan, alichukua jina na mpangilio wa kitabu hicho akawaandikia mapadri wake. Hapo Kanisa ndilo lililokopa.

Wa Kamalondo: Lakini kwa Wastoiki akili inayoendesha ulimwengu ndiyo Zeus. Umeondoka kwa Mungu mmoja ukaangukia kwa mwingine.

Wa Ruashi: Tuanze na neno lenyewe, maana tunalitumia kila siku bila kulifungua. "Wajibu" limetoka Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuanguka. Katika Kurani, Sura ya Hajj, aya ya 36, shina hilohilo linatumika kwa ngamia wa sadaka anapoanguka ubavu. Wajibu, basi, ni kilichokuangukia. Hata neno la Wastoiki, kathekon, lina maana ya kilichokushukia, kinachokufaa.

Halafu wanasheria wa Kiislamu hawakuacha kila kitu kiwe lazima. Waliweka daraja tano: faradhi (lazima), suna (ukifanya ni thawabu, ukiacha si dhambi), mubaha (ukifanya sawa, ukiacha sawa), makuruhu (bora uache) na haramu. Kosa linalorudiwa sana ni kuipandisha suna ikawa faradhi: watu wanachoka, mwisho wanaacha hata faradhi yenyewe.

Faradhi nayo ina sehemu mbili. Ya aini ni ya kila mtu, kama sala tano. Ya kifaya ni ya jamii nzima. Maiti lazima aoshwe, avikwe sanda (suna ni vipande 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke), aswaliwe kwa takbira 4 (kusema "Allahu akbar"), azikwe. Wachache wakifanya, wote wamevuka. Asipofanya hata mmoja, wote wana dhambi. Na hapo ndipo inapoharibika: kila mmoja anadhani jirani ameshakwenda. Mfereji ulioziba mtaani unakufa kifo hichohicho. Sijaona fundisho la uraia lenye makali zaidi ya hili, na limetoka msikitini.

Wa Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi): Makali ninayakubali, asili ninaikubali. Ila kitu kikizaliwa kanisani au msikitini hakifungwi humo. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1785 alitoa kipimo kisichouliza dini yako. Chukueni likelemba, yaani upatu wa kupokezana fedha: watu 10, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, anayepokea anachukua 200. Wa kwanza anapokea, kisha anaacha kulipa. Hatua ya kwanza, taja kanuni yake: "Nikishapokea, naacha." Ya pili, ifanye kanuni ya wote. Ya tatu, tazama: mwezi wa pili hakuna likelemba ya kumdhulumu mtu. Kanuni imejila yenyewe. Na akiacha yeye peke yake, wale tisa waliobaki wanapokea 180 kila mmoja, na deni lao halingoji dini ya mdeni.

Onyo kwa walimu: wanafunzi huifinya kanuni ili ipite. "Mtu aliyefiwa mwezi huu, mwenye watoto wanne, aache." Imefinywa mno, haipimi kitu tena.

Wa Kamalondo: Kant alilelewa na Wapietisti, wakristo wakali wa utii. Schopenhauer, naye mwanafalsafa Mjerumani, alimkosoa kwa hilohilo, katika insha iliyokataliwa tuzo na Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Denmark mwaka 1840: ile "lazima" isiyo na sharti imechukuliwa kutoka Amri Kumi. Hata hivyo likelemba imenibana. Mdeni asiye na dini bado ni mdeni. Kinachonisumbua ni yule aliyehama mji, ambaye hakuna atakayempata. Kipimo kinamwambia amejipinga. Hakimwambii kwa nini hilo limhusu.

Wa Ruashi: Hata muumini huahirisha, akitegemea toba ya kesho. Kwa hiyo shuleni mimi ningeanza na mfereji: nani ameangukiwa na nini, kwa daraja gani, na wakiacha wote inakuwaje. Swali la nani aliyeangusha lingengoja darasa la sita, na hapo padri, shehe na mwalimu wa falsafa waitwe siku moja, chumba kimoja.

Wa Katuba: Siku moja sawa. Lakini mtihani atatunga nani?