Kipadi cha membreni au cha mpira: kipi kitadumu?

FundiKayole: Wadau, nataka kipadi (kibao cha kubonyeza namba) cha vitufe 16. Luthuli Avenue, Nairobi, kuna cha membreni (karatasi za plastiki zenye njia za umeme za wino) cha kubandika, bei poa. Cha mpira kiko juu kidogo. Ninunue kipi?

MamaSakiti: Cha kazi gani? Ndani ama nje? Nani anabonyeza? Bila hayo tunakupigia ramli tu.

FundiKayole: Mashine ya kuuza maziwa, dukani. Foleni asubuhi na jioni. Usiku inapanguswa na jiki.

Mzee_Volti: Chukua mpira, kijana. Ukichoka unafungua, unapangusa kidonge cha kaboni kilicho chini ya kila kitufe, na bodi kinayoigusa, kwa spiriti, maisha yanaendelea. Membreni ikifa ni kutupa.

KaboniTupu: Mzee naye na mpira wake! Membreni yenye uso wa poliesta hubonyezwa hata mara milioni. Epuka polikaboneti, hiyo hupasuka mapema.

Gachie254: Milioni hizo ni za maabara. Niliweka membreni kwenye geti la ploti Umoja. Kiangazi chote safi. Masika yalipoingia, unyevu ukapenya pale utepe wa nyaya unapotokea, vitufe vikaanza kujibonyeza usiku. Mlinzi akaapa ni majini, akakataa zamu. Kufungua, nakuta madini ya fedha yaliyo kwenye wino yametambaa kama mizizi kutoka njia moja ya umeme hadi ya jirani. Fedha ndivyo ilivyo ikipata unyevu na volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) muda wote. Mwenye ploti hajanilipa hadi leo.

KaboniTupu: Ndiyo maana wino wa fedha hufunikwa na kaboni.

MamaSakiti: Na kaboni inaongeza ukinzani wa mguso, yaani umeme unapita kwa shida kitufe kikibonyezwa. Si neno, mradi rezista ya kuvuta juu (inayoshikilia waya wa kitufe kwenye volti 5 kisipobonyezwa) iwe kilo-omu 10. Mguso ukichakaa hadi omu 1000, kwenye volti 5 chipu bado inaona chini ya nusu volti, inasoma sifuri, yaani kitufe kimebonyezwa. Ukiweka rezista ya omu 1000 unabaki na volti 2.5, hapo ni bahati nasibu. Fundi, yako ni ngapi?

Dijitali_Dan: Vitufe vya nini? Weka till ya M-Pesa.

Mzee_Volti: Maziwa ya kumi bob mtu atoe simu kwenye foleni?

Dijitali_Dan: Kwani mzee, wewe unalipia mkate na nini?

Gachie254: Kumi bob bado mnapimiwa? Huku kwetu inaanzia ishirini.