Naomba ushauri: Billie Holiday wa miaka ya mwisho, ninunue mkusanyiko upi?

Msikilizaji wa Tanga
Habari za jioni wakuu. Kaka yangu anakuja likizo kutoka Hamburg, kaniambia nichague muziki mmoja aniletee. Nataka Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazz wa Marekani, wa miaka ya mwisho, yaani tangu 1952 alipoanza kurekodi kwa mtayarishaji Norman Granz hadi alipofariki New York tarehe 17 Julai 1959, akiwa na miaka 44 tu.

Nimemzoea yule wa miaka ya thelathini, Teddy Wilson kwenye piano, Lester Young kwenye saksafoni, sauti nyepesi inayorukaruka. Hivi karibuni nimekutana na rekodi yake ya 1958. Sauti inakwaruza, pumzi fupi, nikadhani ni mtu mwingine. Lakini siachi kuirudia. Tatizo, mikusanyiko ni mingi na bei zimepishana vibaya. Halafu wapo wanaosema sauti ilishakwisha, huko hakuna cha kusikiliza. Nianzie wapi?

Mzee wa Santuri
Mdogo wangu, anza na rekodi za Los Angeles, za Agosti 1956 na Januari 1957. Granz alimwekea kikundi kidogo: Ben Webster saksafoni, Harry Edison tarumbeta, Jimmy Rowles piano, Barney Kessel gitaa. Enzi za santuri ya dakika tatu kila mtu alikuwa anakimbizana na muda. Hapa kuna nafasi. Webster anapiga zamu yake yote bila haraka, Edison anachomekea noti mbili tatu na kukaa kimya, kisha Billie anarudi kuimba.

Sikiliza anavyochelewa. Bendi imeshapita, yeye bado hajaanza mstari. Unadhani amepotea, mara anauleta wote na unatua palepale. Ujanani alikuwa akiupinda wimbo kwa furaha. Hapa ameupunguza hadi zimebaki noti chache, na kila neno unalisikia lilivyo. Anayesema sauti ilikwisha anapima ukubwa wa sauti tu. Uimbaji wenyewe ulikuwa umekomaa.

Kinanda cha Usiku
Shikamoo Mzee. Kwa hizo za Los Angeles nakubali kabisa. Ila mdogo wetu asiambiwe kwamba kila kitu cha miaka ile ni sawa. Zile za Machi 1959 mimi huwa nashindwa kuzimaliza. Mwanamke anaumwa ini, nguvu zimekwisha, na Lester Young rafiki yake akafariki tarehe 15 ya mwezi huohuo. Kumbuka pia kwamba tangu 1947, baada ya kufungwa kwa kesi ya dawa za kulevya, alinyimwa kibali cha kuimba kwenye klabu za New York zinazouza pombe. Kwenye ukumbi wa Carnegie Hall aliruhusiwa, kwenye klabu za jiji lake hakuruhusiwa. Hasira zangu ni kwa waliomfanyia hivyo, na nikisikiliza zile rekodi hasira inanizidi.

Waridi
Kinanda, nakuelewa, na hiyo ya kibali inaniuma hata mimi. Lakini tusiitupe ya 1958 pamoja na hizo. Ile albamu, *Lady in Satin*, aliitaka mwenyewe. Ni yeye aliyemchagua Ray Ellis ampangie vayolini, baada ya kuisikia kazi yake. Ellis hakuridhika na uimbaji wakati wa kurekodi. Alipokaa kusikiliza kazi iliyokamilika ndipo akaelewa alichokuwa amepewa. Vayolini ni laini mno, sauti ina mikwaruzo, na hapo katikati ndipo uzito wote ulipo.

Msikilizaji, kabla hujachagua chochote tafuta kipindi cha televisheni cha CBS cha Desemba 1957. Lester Young anasimama, anapiga zamu moja ya blues, fupi, bila mapambo. Mtazame Billie usoni wakati ule. Anamwangalia, anatikisa kichwa polepole, anatabasamu. Ukiona vile hutauliza tena kama kulikuwa na cha kusikiliza.

Fundi wa Redio
Mimi nijibu la bei. Ulaya haki za rekodi za miaka ile zimeshakwisha muda, kwa hiyo kampuni ndogo yoyote inaweza kuzitoa upya kihalali. Ndiyo maana zimejaa. Baadhi ni nzuri. Nyingine zimenakiliwa kutoka santuri, kisha mikwaruzo ikasafishwa kupita kiasi hadi pumzi yake nayo imefutika, na kwa mwimbaji huyu pumzi ni nusu ya wimbo.

Kaka yako ageuze kasha asome nyuma. Kama hakuna tarehe za kurekodi na majina ya wapigaji, alirudishe. Nyimbo nyingi alizirekodi zaidi ya mara moja: "Strange Fruit" ipo ya 1939 na ya 1956, "God Bless the Child" ya 1941 na ya 1956. Bila tarehe hujui umeuziwa ipi. Na ujue rekodi za Granz ni za kampuni ya Verve, ya 1958 ni ya kampuni ya Columbia. Hata lile boksi kubwa la Verve la CD kumi, *Lady in Satin* haimo.

Msikilizaji wa Tanga
Asanteni sana. Kile kipindi cha CBS nimekiona sasa hivi, Waridi, ahsante kwa hilo peke yake. Nimeamua: aniletee za Los Angeles, toleo la Verve lenye tarehe. *Lady in Satin* nitainunua mwenyewe mwisho wa mwezi.

Mzee wa Santuri
Uamuzi mzuri. Mwambie asije akaiweka CD kwenye begi la kukabidhi uwanjani, aibebe mkononi.