Mrejesho: Ryzen 3 1200 yangu imetulia kwenye 3.8 GHz

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza jinsi ya kuipandisha kasi prosesa ya kompyuta yangu, Ryzen 3 1200, ili gemu la mpira liache kukwama. Aliyeniambia nianze na usafi, Mungu akubariki: nilipofungua feni, vumbi la huku Nkuhungu, Dodoma, lilikuwa limeganda kama blanketi. Nikapuliza, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto la prosesa, ndipo nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) na kupandisha kasi kidogo kidogo.

3.8 GHz kwa volti 1.35 imekubali, saa nzima ya majaribio joto halikuvuka nyuzi 78. 3.9 iligoma kabisa, mashine ilizima mara mbili, nikarudi. Gemu linateleza, ila mechi za mtandaoni bado zinakwama. Huko ni intaneti. Wenye bodi mama (motherboard) za A320 msihangaike, haziruhusu kupandisha kasi ya prosesa. Asanteni sana.