Nimepewa nafasi ya mhusika mkuu, shule inataka nichague. Naomba ushauri

Sauti_ya_Umoja:

Hamjambo wanajamvi. Nina miaka 29, naishi Umoja, na nafundisha muziki na Kiswahili katika shule moja ya kibinafsi huku Eastlands. Mshahara ni 38,000. Tangu 2019 nimekuwa nikiimba na kuigiza katika tamthilia za muziki hapa Nairobi, mwanzo nikiwa kwenye kwaya ya nyuma, baadaye wahusika wadogo wa mistari mitatu minne. Majuzi nilienda odisheni ya tamthilia mpya ambayo nyimbo zake zote zimetungwa hapa hapa. Jumatatu wakanipigia simu: nimepata mhusika mkuu. Nililia ndani ya matatu hadi mama niliyeketi naye akanishika mkono, akidhani nimepata habari za msiba.

Mambo yako hivi. Mazoezi ni wiki kumi. Saba za kwanza ni jioni, saa kumi na moja unusu hadi saa tatu usiku. Tatu za mwisho ni kutwa nzima. Kisha tunaingia ukumbi mkuu wa Kenya National Theatre wikendi tatu, Ijumaa onyesho moja, Jumamosi na Jumapili mawili mawili, jumla 15. Malipo ni 4,000 kwa kila onyesho, na 300 ya nauli kwa siku ya mazoezi. Haya yote nimeambiwa kwa WhatsApp. Mkataba sijauona.

Nilipomwomba mwalimu mkuu ruhusa ya zile wiki tatu, aliniambia zinaangukia msimu wa mashindano ya muziki na kwaya ya shule ni yangu. "Chagua, mwalimu." Amenipa hadi Ijumaa ijayo. Simlaumu, wale watoto nami nawapenda.

Kuna jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana, katika mchezo mwingine, onyesho la mwisho la Jumapili jioni, nilifika kwenye wimbo wangu wa sehemu ya pili, nikafungua mdomo kushika noti ya juu, ukatoka upepo mtupu. Mpiga kinanda alikirudia kile kipande akifikiri nimesahau maneno. Msichana wa alto aliyekuwa nyuma yangu akaudaka mstari akauimba mpaka mwisho, mimi nikichezesha midomo tu. Nilinyamaza siku nne, sauti ikarudi, ila haikurudi yote. Asubuhi hukwaruza. Lile kundi halijanilipa maonyesho matatu hadi leo, lakini hilo si la leo.

Mama anasema kuimba ni kwa ujana, mshahara ni wa kila mwezi. Je, niache kazi?

Hesabu_Kamili:

Hongera dada. Nitakuwa mkali kidogo. 4,000 mara 15 ni 60,000. Mazoezi na maonyesho yanakula wiki 13, kwa hivyo unapata kama 4,600 kwa wiki. Nauli usiihesabu, hiyo inaishia kwa kondakta. Shuleni muda huo huo ungepata 114,000. Na baada ya wikendi ya tatu kuna nini? Ukiwa huna jibu la swali hilo, usiandike barua ya kuacha kazi.

Binti_wa_Kizingo:

Hongera sana mwanangu. Mimi ni mzazi, niko Mombasa. Mamako hajakataa kuimba kwako, anaogopa kodi ya nyumba. Je, ameshawahi kukuona jukwaani hata mara moja? Mkatie tiketi.

Mama_Jukwaa:

Sauti ya Umoja, pokea hongera yangu kwanza. Nimekuwa katika kazi hii tangu enzi za kundi la maigizo la Phoenix Players pale Professional Centre, Nairobi, na leo bado naimba. Basi hilo la "kuimba ni kwa ujana" mwambie mama kwamba majukumu ya mama, nyanya, malkia na mganga hayapewi msichana wa miaka 20.

Lakini Hesabu Kamili amesema kweli, na mimi nitakuonyesha kwa nini ni kweli. Dada zetu wa New York hufanya maonyesho manane kwa wiki, na mchezo mmoja unaweza kuwalisha miaka mingi. The Lion King ilifunguliwa Broadway Novemba 1997 na ingali inaendelea. Sarafina!, iliyozaliwa Johannesburg 1987, ilipofika Broadway ilichezwa mara 597. Sisi tunajenga jukwaa, tunashona mavazi, tunakariri kurasa mia, tunacheza mara 15, Jumatatu fundi anang'oa misumari. Ule ukumbi mkuu hauchukui hata watu 500. Hata prodyusa awe malaika, hela ya tiketi za viti hivyo igawanywe kwa waigizaji, bendi, mataa, mavazi na kodi ya ukumbi, haiwezi kukupa mshahara wa mwaka.

Kwa hivyo sijui mwimbaji wa tamthilia Nairobi anayekula kwa tamthilia peke yake. Tunakula kwa maigizo ya vitabu teule yanayozunguka shule za upili, matangazo ya redio, kuingiza sauti kwenye katuni, harusi, kuitikia nyuma ya wasanii studioni, kufundisha sauti. Tamthilia ndiyo inayokutambulisha kwa hao wote. Ukiiangalia hivyo, jukumu kuu ni kitu kikubwa sana, kikubwa kuliko hizo 60,000. Ila halibebi nyumba.

Na usifikiri kufanya kazi mchana na kuimba jioni ni ishara kwamba hujafika. Kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliimbwa na wakulima na wafanyakazi waliokuwa na vibarua vyao wiki nzima, mazoezi wakiyafanya wikendi. Serikali iliifunga baada ya wiki chache tu, huku watu wakifurika. Mwaka 2022 nyimbo zile zilipanda kwenye hilo hilo jukwaa la Kenya National Theatre unaloenda wewe. Nilikaa safu ya tatu nikalia kama wewe ndani ya matatu.

Wapo walioacha kila kitu, sikatai. Mwimbaji Heather Headley alikuwa amebakisha mwaka mmoja chuoni alipoondoka kwenda kucheza tamthilia ya Ragtime, halafu akawa Nala wa kwanza wa The Lion King kule Broadway, na 2000 akacheza Aida iliyompa tuzo ya Tony. Lakini huyo aliondoka akiwa na kazi yenye karatasi. Wewe una ujumbe wa WhatsApp. Kabla ya Ijumaa nataka uwe na mkataba mkononi, umeandikwa tarehe za maonyesho, tarehe za malipo, sehemu ya pesa ilipwe kabla ya usiku wa kwanza, na nini kitatokea onyesho likiahirishwa. Wakirekodi wakauzia televisheni au mtandao, hapo kuna malipo mengine, yaandikwe. Wakikuomba utunge kiitikio mkiwa mazoezini, na kwenye tamthilia mpya watakuomba, jina lako liingie kwenye utunzi. Na kama bado hujajiandikisha kama mwimbaji kwenye shirika linalokusanya mirabaha ya waimbaji na waigizaji, fanya hivyo mwezi huu.

Kundi ambalo halijakulipa usiseme "si la leo". Waandikie barua, weka tarehe. Tukinyamaza ndivyo wanavyomfanyia anayefuata.

Mwalimu_wa_Sauti:

Nimesoma yote nikasubiri mtu aulize juu ya sauti, hakuna. Dada, hilo ulilolitaja kama la pili ndilo la kwanza.

Nimefundisha uimbaji miaka 14. Nijibu kwanza: una vipindi vingapi kwa siku, darasani kuna watoto wangapi, na ukiwa mwalimu wa zamu unapaza sauti uwanjani bila maikrofoni?

Sauti_ya_Umoja:

Vipindi sita, mara nyingine saba. Watoto 45. Ndiyo, zamu ni wiki moja kila mwezi, na maikrofoni hakuna. Msimu wa mashindano naimbia kila sauti mfano: ya kwanza, alto, hata tenori na besi nawaonyesha.

Mwalimu_wa_Sauti:

Basi sikiliza. Watu wote humu wanakuuliza uchague kati ya darasa na jukwaa kana kwamba ni mifuko miwili. Ni mfuko mmoja. Nyuzi za sauti ulizonazo ni zile zile mbili, ndogo kama kucha ya kidole gumba chako, na ukiimba noti za juu zinagongana mamia ya mara kwa kila sekunde. Walimu ni miongoni mwa watu wanaougua sauti zaidi ya wengine wote. Ile Jumapili, jukwaa ndilo lililokuaibisha, lakini nadhani uharibifu ulitoka kwenye gwaride la asubuhi na darasa la watoto 45. Jukwaani ulienda na kilichobaki.

Mkwaruzo uliopita wiki tatu ni wa daktari wa masikio, pua na koo. Atapitisha kamera nyembamba puani, dakika chache tu, haiumi, inakera. Usiende kwa mtu atakayekuandikia dawa bila kuangalia. Kama ni vinundu, yaani vijivimbe kwenye nyuzi, vilivyoanza, usiogope kisu. Matibabu ya kwanza huwa ni kufundishwa upya kuzungumza na kuimba, pamoja na kupumzika. Na wengi hurudi vizuri wakiwahi.

Tangawizi na asali kunywa kama unazipenda, ila jua kwamba unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuzi haziguswi. Kinachozigusa ni mvuke. Maji kunywa kutwa nzima, usingoje dakika tano kabla ya pazia. Kunong'ona hakukupumzishi, wengi hujikaza zaidi wakinong'ona, heri unyamaze. Na dawa za maumivu aina ya aspirini usimeze siku ya onyesho, zinaweza kusababisha mshipa mdogo wa nyuzi kuvuja damu ukijikaza.

Zoezi ambalo utaanza kesho: mimina maji vidole viwili kwenye glasi, tumbukiza mrija, vuma "uuu" kupitia mrija hadi maji yatoe mapovu, panda na kushuka polepole kama king'ora. Dakika tatu, mara nne kwa siku, hata kwenye chumba cha walimu. Ukisikia mapovu yanakatika kwenye noti fulani, hapo ndipo penye shida, usipalazimishe. Darasani, piga makofi au ngoma kuita utulivu. Wewe ni mwalimu wa muziki, hakuna atakayeshangaa. Mfano wa besi waachie wavulana wenyewe.

Swali la kumpelekea prodyusa kabla ya pesa ni hili: je, kuna mbadala wangu? Maonyesho manne kwa siku mbili kwa mhusika mkuu, na sauti hiyo, bila mbadala, mimi nisingekubali hata kwa 10,000.

Msimamizi_wa_Pazia:

Nimesimamia jukwaa miaka mingi. Hizo "wiki tatu kutwa nzima" mara nyingi ni maneno ya jumla. Omba ratiba ya mazoezi iliyogawanywa kwa matukio. Kuna siku wanapanga dansi ya kundi na huhitajiki hadi mchana. Wiki ya mataa na vyombo ndiyo haina mjadala, lazima uwepo asubuhi hadi usiku. Kwa hivyo shuleni usiombe wiki tatu. Omba wiki moja nzima bila malipo na nusu siku kwa hizo nyingine, uende na jina la mtu atakayeshika kwaya ukiwa haupo. Mwalimu mkuu akipewa tatizo bila jibu husema hapana.

Na usiku, ulizia gari la kuwashusha waigizaji. Saa tatu usiku kutembea kutoka Harry Thuku Road hadi kituo cha magari ya Umoja, wiki kumi mfululizo, sauti na roho vyote viko hatarini.

Hesabu_Kamili:

Naongeza: wakikulipa kwa risiti halali huenda wakakata kodi kabla ya kukupa, weka hiyo hesabuni na uombe cheti chake. Na akiba ya miezi mitatu unayo?

Sauti_ya_Umoja:

Ninayo ya mwezi mmoja na nusu, kwenye chama.

Nimerudi na habari. Jumatano nilimwona daktari. Kamera iliingia puani, machozi yakanitoka, kisha akanionyesha kwenye skrini: uvimbe mdogo laini pande zote mbili, mahali zinapogusana. Amesema bado ni changa. Nianze na mtaalamu wa usemi vipindi sita, na hakuna kupaza sauti uwanjani. Ameniandikia barua. Barua hiyo nimempelekea mwalimu mkuu, akaisoma mara mbili, akaniondoa kwenye zamu hadi mwisho wa muhula. Wiki tatu amekataa. Wiki moja ya mataa amekubali bila malipo. Nusu siku atanijibu Jumatatu, anataka kwanza amwone yule mwenzangu wa kanisani niliyesema atashika kwaya.

Prodyusa ametuma rasimu ya mkataba, kurasa mbili. Robo ya pesa kabla ya usiku wa kwanza. Yule msichana wa alto aliyeniokoa mwaka jana yumo kwenye kundi hili pia, na nimemtaja yeye kwa jina awe mbadala, acheze mchana wa kila Jumamosi. Hayo matatu sitalipwa mimi, kwa hivyo nitapata 48,000. Nimekubali. Gari la usiku bado wanajadiliana. Kazi sijaiacha, na jukumu nimelichukua.

Mama nimemkatia tiketi ya Jumapili mchana. Ameuliza kama atavaa kitenge au suti.

Swali moja la mwisho kwa Mwalimu wa Sauti: wimbo wa kufunga sehemu ya kwanza unapanda hadi mi ya juu na mtunzi anautaka kwa sauti ya kifua, ile nzito ya kuongea. Naogopa kumwambia, kwa sababu ni yeye aliyenichagua.

Mwalimu_wa_Sauti:

Mwambie wiki ya kwanza, usingoje ya nane. Tamthilia mpya hutungwa upya juu ya mwili wa anayeicheza kwanza, ndiyo faida yake. Mwombe mpiga kinanda aushushe toni moja nzima, uuimbe mbele ya mtunzi kwa nguvu zako zote, kisha umwimbie ulivyoandikwa. Asikie mwenyewe. Akishikilia ule wa juu, mwombe mi hiyo iende sauti ya kichwa, ile nyepesi, na kwaya iongezwe chini yake, iujaze ukumbi. Nitumie mstari huo kwa solfa hapa hapa jamvini, nikuonyeshe pa kupumua.

Sauti_ya_Umoja:

d : r | m : s | l : – | s : m | d' : – | r' : – | m' : – | – : –

Pumzi naichukua baada ya la. Nimekosea?

Mwalimu_wa_Sauti:

Umekosea kidogo. Ichukue baada ya mi ya chini, kabla ya kupanda kwenye do. Ukiichukua baada ya la unafika do ukiwa na hewa nusu, ndipo koo linapokaza. Ijaribu leo kwa mrija kwanza, bila maneno.