Clarissa Dalloway: kura ina Sally na Richard tu, mimi nipige wapi?

Mwenye Penseli (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Naleta jambo lililonifanya nitoke kimyakimya kwenye kundi letu la wasomaji. Sikutoka kwa kususa, ila niliona nikibaki kule nitakosana na watu ninaowapenda.

Tulikuwa tunasoma riwaya ya Mrs Dalloway ya Virginia Woolf, ya 1925. Tulipomaliza, kiongozi wa kundi akaweka kura: Clarissa alimpenda nani hasa? Machaguo mawili, Sally na Richard, basi. Hata Peter Walsh hayumo, na yeye kajaa kitabu kizima na kile kisu chake cha mfukoni anachokifungua na kukifunga bila kukoma. Nikaandika chini yake: "Mbona hakuna chaguo la kwamba aliwapenda wanawake na wanaume?" Nimerudi baadaye, maoni yangu hayapo. Kuuliza, naambiwa yalitoka nje ya mada. Yaani nimeuliza kwa nini Clarissa anafutwa nusu, nikafutwa mimi mzima. Nilicheka kwanza.

Kwa ambao hawajakisoma: ni siku moja tu ya Juni 1923, London. Clarissa ana umri wa miaka hamsini na kitu, mumewe Richard ni mbunge, jioni ana karamu. Siku nzima akili yake inarudi Bourton, nyumbani kwao alipokuwa msichana, ambako alikuwepo Sally Seton aliyevuta sigara kubwa na kukimbia uchi ukumbini kwa sababu kasahau sponji ya kuogea. Na alikuwepo Peter, aliyemtaka akakataliwa.

Kambi ya Richard inasema Sally alikuwa shoga yake tu, kwa ile maana ya bibi zetu, rafiki wa kike wa kupeana siri. Busu lile utoto. Kambi ya Sally inasema ndoa ni pazia, ukilivuta unamkuta mwanamke ambaye hajawahi kumpenda mwanamume. Kambi hizi hazipikiki chungu kimoja, lakini nikizitazama naona zimeazimana kifutio.

Mimi husoma na penseli za rangi, ndiyo maana ya jina langu hapa. Sally nilimpa bluu, Peter nyekundu, Richard ile ya kawaida ya kijivu, maana naye ni mtu wa kijivu kidogo, Mungu anisamehe. Ukurasa wa busu la Bourton, pale Sally anapochuma ua barazani na kumbusu mdomoni, wote bluu. Peter anatokea, anauliza kama wanatazama nyota, na Clarissa anahisi kama kajigonga uso kwenye ukuta wa mawe gizani. Bluu tupu. Kisha mistari michache tu mbele anaanza kuwaza jinsi anavyodaiwa na huyohuyo Peter kwa mengi yaliyofuata. Penseli nyekundu. Kurasa za mwanzoni kabisa, akitembea bustanini, anakumbuka walivyoachana na Peter karibu na chemchemi, na kwamba huzuni ile aliibeba miaka na miaka kama mshale uliochoma moyoni. Nyekundu tena.

Swali langu ni jepesi. Kwa nini wasomaji tukikuta rangi mbili kwenye ukurasa mmoja tunakimbilia kuamua ipi ni wino na ipi ni doa?

---

Shangazi Kurasa

Mwanangu, umeandika vizuri, ila wahenga walishasema mshika mbili moja humponyoka. Clarissa alichagua. Sally naye alichagua, mwisho wa kitabu anaingia karamuni ni Lady Rosseter, mama wa watoto watano wa kiume. Na Clarissa anapomwona, ule mng'ao wa zamani haupo tena, kitabu chenyewe kinasema. Usichana una homa zake. Zinapanda, zinashuka. Sisi tuliosoma bweni tunazijua hizo homa na wala hatukuhitaji jina lake.

---

Msomaji Mkaidi

Mleta mada, nakuheshimu, lakini umeruka kurasa zinazokuumiza. Twende wote darini. Clarissa ana chumba chake peke yake juu kabisa, kitanda chembamba, shuka nyeupe zimekazwa, mshumaa umeungua nusu, anasoma usiku kumbukumbu za Baron Marbot kuhusu majeshi ya Napoleon kurudi nyuma kutoka Moscow. Hicho ndicho kinacholala naye. Anakiri mwenyewe kwamba ana ubikira uliopita hata katika uzazi na kumng'ang'ania kama shuka. Anakiri alimwangusha Richard kule Clieveden, kisha Constantinople, kisha tena na tena.

Halafu linganisha na anavyohisi kwa wanawake. Anasema, bila kuficha, kwamba wakati mwingine mbele ya mwanamke alihisi kile wanachohisi wanaume. Kwa dakika tu, kama njiti ya kiberiti inayowaka ndani ya ua la krokasi. Sasa nionyeshe njiti moja, moja tu, iliyowahi kuwashwa na mwanamume kwenye kitabu kile. Mshale wa moyoni si njiti. Hata rafiki akikuacha unachomwa mshale.

Na niseme lililo moyoni. Sisi wanawake tunaopenda wanawake hatuna wengi kwenye riwaya za zamani. Kila tukimpata mmoja, anakuja mtu na sentensi yako hiyo, "lakini na wanaume pia", na nusu ya mtu wetu imeondoka. Kufutwa unakokulalamikia, mimi nakuona ukikifanya.

---

Jirani wa Rafu

Nipite haraka. Huu mchezo si wa Clarissa peke yake. Kwenye riwaya ya The Great Gatsby (1925 vilevile) kuna ile picha ya ajabu, msimulizi Nick Carraway amelewa, anatoka kwenye lifti na Bwana McKee, mara yuko kando ya kitanda na McKee amekaa ndani ya shuka na nguo za ndani, ameshika albamu ya picha zake. Mashabiki wakaamua: Nick anapenda wanaume, na Jordan Baker, yule mwanamke aliye naye, ni kisingizio. Sawa, McKee namkubali. Lakini siku Nick anaachana na Jordan anasema ana hasira, anajuta sana, na nusu yake bado inampenda. Hiyo nusu wanaipeleka wapi?

Na Shug Avery, yule mwimbaji wa riwaya ya The Color Purple (1982), je? Amempenda Albert, amempenda Celie mke wa Albert, kisha uzeeni anamtaka kijana Germaine mpiga filimbi. Kitabu hakifichi hata kidogo. Filamu ya 1985 ikaja, ya kwake na Celie yakabaki mabusu machache.

---

Mwenye Penseli (mleta mada)

Shangazi, shikamoo. Methali yako naijua, nimeambiwa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Lakini inasema habari za kushika. Clarissa alimshika mmoja, Richard, na hakumwachia. Mimi nauliza aliwapenda akina nani. Na hizo homa za bweni, samahani Shangazi, hakuna anayeziita homa akiwa nazo. Clarissa ana miaka hamsini na kitu, yuko darini kwake, anajiuliza kama yale ya Sally hayakuwa mapenzi hasa. Homa ya miaka thelathini si homa.

Mkaidi, wewe umenigusa, na nimekaa na maneno yako tangu jana usiku. Krokasi nakubali. Niliipigia mistari miwili ya bluu, ni sentensi ninayoweza kuisema usingizini. Darini nakubali pia, na shuka, na Constantinople. Sijasema alimtamani Richard. Kwa Richard nilichokiona ni kitu kingine: anamwita msingi wa maisha yake yote, na usiku wa karamu, akiwa peke yake chumbani, anasema furaha hii imetokana na Richard. Unaweza kuiita shukrani, sitabishana.

Ila umeomba njiti moja. Fungua asubuhi ile, Peter ametoka India, anaingia bila kubisha hodi Clarissa akishona gauni lake la kijani. Wanazungumza, kisu kinafunguka na kufungika. Peter anamweleza kuhusu Daisy, mke wa meja kule India, kisha analia. Anakaa kwenye kochi akilia bila haya. Na Clarissa anafanya nini? Anainama, anamshika mkono, anamvuta, anambusu. Kifuani mwake kuna manyoya ya fedha yanapepea kama nyasi ndefu kwenye dhoruba ya nchi za joto, na inambidi ayatulize. Yakishatulia kidogo, la kwanza analowaza: ningeolewa naye, furaha hii ingekuwa yangu kutwa nzima. Haya yote kabla saa tano na nusu haijagonga.

Nazungumzia mabusu mawili, Mkaidi. La Sally tumelipigia kura, tumelichorea picha, tumeligombania mpaka tumeumizana. Hili la Peter sijaona hata mtu mmoja akilitaja kundini, wala wa kambi yako wala wa kambi ya Richard. Ninyi haliwafai kwa sababu ni la mwanamume. Wao haliwafai kwa sababu si la mume. Limelala hapo katikati ya kitabu kama mtu aliyekuja karamuni na hakuna anayejua nani kamwalika.

---

Tanbihi

Nichangie upande wa hoja ambayo itakuja tu, bora niitangulie: kwamba "baiseksho", yaani mtu anayependa wanawake na wanaume, ni neno la juzi na hatuwezi kumvika mtu wa zamani. Neno hilo kwa maana hii limo kwenye tafsiri ya Kiingereza ya Psychopathia Sexualis ya Krafft-Ebing, iliyotoka 1892, miaka zaidi ya thelathini kabla ya Mrs Dalloway. Na neno la wapenda jinsia moja limo kwenye kitabu hichohicho. Kama moja ni la juzi, yote ni ya juzi. Sijawahi kuona hoja hii ikitumika dhidi ya neno la pili na mtu yuleyule anayeitumia dhidi ya la kwanza.

Mleta mada, ulichokiita kuazimana kifutio kimeandikiwa makala nzima. Kenji Yoshino, mwanasheria wa Marekani, mwaka 2000: anasema wanaopenda jinsia tofauti na wanaopenda jinsia moja wote wana faida ya kumfuta aliye katikati, kwa sababu akikubalika yupo, hakuna anayeweza tena kuthibitisha yuko upande gani. Makala ni ndefu na ya kisheria, ila sehemu hiyo inasomeka.

Halafu mtazame Charles Ryder wa riwaya ya Brideshead Revisited (1945). Ujana wake wote ni Sebastian, baadaye ni Julia, dada yake Sebastian. Charles anasema Sebastian alikuwa mtangulizi. Kambi moja inashangilia: umeona, maandalizi tu! Julia anamjibu kwamba huenda naye ni mtangulizi tu. Hilo jibu la Julia watu hulikata.

---

Mwenye Penseli (mleta mada)

Tanbihi, asante, hilo la Julia nilikuwa nimelisahau.

Nimeanza Orlando (1928), ambayo Woolf aliitunga kwa ajili ya Vita Sackville-West, mwanamke aliyempenda, huku akiwa mke wa Leonard tangu 1912. Orlando analala mwanamume anaamka mwanamke, na Kiingereza kinahangaika pale, kinabadilisha viwakilishi na kuomba radhi. Nikajaribu kukiandika kifungu kile kwa Kiswahili, kujifurahisha tu. Hakuna kinachobadilika. Yeye ni yeye. Alilala, akaamka. Nimekaa nikiitazama sentensi yangu, nikaona lugha yetu inajua kukaa kimya.

Na hapo nijibu aliyeniuliza faraghani kwa nini jambo hili linanikera hivi. Nikisema "mpenzi wangu" hakuna hapa anayejua ni mke au mume. Nimewahi kuwa naye mwanamke, miaka minne. Sasa niko na mwanamume. Marafiki wa zamani wanasema nilikuwa najidanganya wakati ule, wengine wanasema najidanganya sasa. Kila upande una ukurasa wake inaoupenda. Mkaidi, sitaki nusu ya mtu wako. Mchukue Clarissa mzima, na krokasi yake, na dari lake. Ila ukimchukua mzima, na lile kochi linakuja naye.

---

Shangazi Kurasa

Marahaba mwanangu. Sikujua. Huyo wa miaka minne sitamwita homa.

---

Msomaji Mkaidi

Nimerudi kwenye kochi. Nimesoma mara tatu. Manyoya ya fedha yapo, nilikuwa nimeyapita kama maelezo ya pazia.

Bado nasema krokasi inawaka zaidi, na bado nadhani Richard alistahili mtu mwingine. Lakini nimeenda kundini kuondoa kura yangu ya Sally. Haiondoki. Ukishapiga, umepiga. Nimemwandikia kiongozi aongeze chaguo la tatu, nasubiri nione kama nami nitatoka nje ya mada.