Damu ya O chanya imekataa kupatana na O chanya: sababu ni nini?

Baba wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Binti yangu ana umri wa miaka 11 na anaugua selimundu. Kundi lake la damu ni O chanya, na tangu utotoni ameongezewa damu mara nyingi, hapa Lamu na pia Malindi tulipokuwa tukiishi kwa mjomba wake, bila taabu yoyote. Safari hii damu yake ilishuka, daktari akaagiza aongezewe, na maabara ikatoa mfuko wa O chanya. Baada ya muda tukaambiwa kwamba damu ile haikupatana na yake. Ukajaribiwa mfuko wa pili, nao ukakataa. Wa tatu ndio uliokubali. Mimi na ammi yake sote ni O chanya na tulikuwa tayari kutoa papo hapo.

Ningependa kuelewa inakuwaje damu ya O chanya ikatae kupatana na O chanya nyingine. Je, kundi lake lilipimwa vibaya miaka yote hii, au ugonjwa umeibadilisha damu yake? Na je, si ingekuwa salama zaidi kumtilia damu ya baba yake mzazi kuliko ya mtu asiyemjua?

Fundi Maabara, Malindi

Wa alaykum salaam, baba, na Mwenyezi Mungu ampe binti yetu afueni. Kukataa kwa mifuko ile miwili si dalili kwamba kundi lake lilipimwa vibaya, wala selimundu haibadilishi kundi la damu. Jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi ni kwamba maneno hayo mawili, O na chanya, yanataja sehemu ndogo sana ya yale yaliyomo juu ya chembe nyekundu.

Utando wa chembe hizo umejaa antijeni, ambazo ni sukari au protini tunazorithi kutoka kwa wazazi wetu. Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, antijeni alizozitambua zilikuwa mbili, A na B, na mwenye kundi O ni yule asiye na hata moja kati ya hizo. Neno "chanya" nalo linahusu antijeni moja tu iitwayo D, katika mfumo wa Rhesus. Lakini mfumo huo huo una C kubwa na c ndogo, E kubwa na e ndogo, na kando yake iko mifumo ya Kell, Kidd, Duffy, MNS na mingine mingi. Mifumo inayotambuliwa leo imezidi 40, na antijeni zake zimezidi 300. Kwa hiyo watu wawili wa O chanya wanaweza kufanana kwa A, B na D, wakatofautiana kwa E au kwa Kell, na kadi zao zisionyeshe tofauti hiyo hata kidogo.

Kinachofanya damu ikatae ni kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili hutengeneza kushambulia antijeni ngeni. Zile dhidi ya A na B huanza kujitokeza zenyewe mtoto akiwa na miezi michache, hata kama hajawahi kutiwa damu. Kingamwili dhidi ya E, Kell au Kidd kwa kawaida haziji hivyo. Mwili huzitengeneza baada ya kukutana na chembe za mtu mwingine, ama kwa kuongezewa damu ama kwa ujauzito. Si kila mgonjwa huzitengeneza, ila anayeongezewa mara kwa mara, kama walivyo wengi wenye selimundu, hukutana na antijeni ngeni mara nyingi zaidi. Mifuko ya miaka iliyopita ilikubali kwa sababu wakati ule kingamwili hizo hazikuwapo, au zilikuwa chache mno kuonekana, au mifuko yenyewe haikuwa na antijeni inayohusika.

Naomba nieleze kidogo namna zinavyogunduliwa, kwa sababu usalama wa mtoto wako ulisimama hapo. Nyingi za kingamwili hizi hujibandika juu ya chembe bila kuzishikanisha, na ukichanganya damu kwenye bomba na kutazama tu hutaona kitu. Tunachofanya ni kuweka plazma ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yake yenye kingamwili, pamoja na chembe za mchangiaji katika nyuzijoto 37, lile joto la mwili, kisha tunaziosha chembe kwa maji ya chumvi mara tatu au nne, ndipo tunatia dawa ya Coombs, ambayo Robin Coombs na wenzake Mourant na Race waliieleza mwaka 1945. Dawa hiyo huziunganisha kingamwili zilizojibandika, na chembe zikashikana mabonge. Uoshaji ukifanywa kwa haraka, plazma kidogo iliyobaki humaliza nguvu ya dawa yote, na bomba likaonekana safi ilhali damu haifai. Ndiyo maana kila bomba lililoonekana safi hutiwa chembe za uhakiki ambazo tayari zimebandikwa kingamwili, nazo ni lazima zishikane. Zisiposhikana, jibu hilo hutupwa na kazi huanza upya. Mimi silikubali jibu la "inapatana" ambalo halikupita hatua hiyo, hata kama wauguzi wamesimama mlangoni wakisubiri mfuko.

Kuhusu damu yako mwenyewe, baba, ukaribu wa nasaba hautoi dhamana. Mtoto amechukua nusu ya urithi wake kwako na nusu kwa mama yake, kwa hiyo unaweza kuwa na E ambayo yeye hakuirithi, na kingamwili zake zikaishambulia damu yako vile vile kama ya mgeni. Kuna na hatari nyingine: chembe nyeupe za jamaa wa karibu zinaweza kukaa ndani ya mwili wa mgonjwa bila kutambuliwa kuwa ngeni, zikaanza kuushambulia. Ni jambo la nadra, lakini linaua, na damu ya jamaa hutakiwa kumulikwa mionzi kabla ya kutumika. Toeni damu, wewe na ammi yake, ila iingie katika benki ya damu. Huko itampata mtu inayemfaa.

Umm Salma, Malindi

Shukran kwa maelezo haya, Fundi. Mimi ni Rhesus hasi, na nilipojifungua nilidungwa sindano ya kuzuia kingamwili. Je, hili analolieleza baba wa Lamu ni jambo moja na hilo langu?

Fundi Maabara, Malindi

Asili yake ni moja, bibi. Kwako antijeni inayoogopwa ni D ya mtoto, na sindano ile, ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya, huzuia mwili wako usianze kutengeneza kingamwili za kuwadhuru watoto wajao. Kwa E, Kell na Kidd hakuna sindano kama hiyo, na kinga iliyobaki ni kuchagua damu kwa uangalifu.

Muuguzi wa Mokowe

Baba wa Langoni, Fundi amemaliza upande wa maabara. Nitaongeza la wodini, ambalo kwangu ni zito zaidi. Kingamwili hizi hupungua kadiri miezi inavyopita, hasa zile za Kidd, hata kipimo kisizione tena. Mwili, hata hivyo, haujasahau. Mgonjwa akienda hospitali nyingine isiyojua habari zake, damu inapimwa, inaonekana inapatana, anatiwa. Siku chache baadaye kingamwili zinarudi kwa wingi na chembe zile zinavunjwa. Kwa kawaida hayo hutokea kati ya siku ya 3 na ya 14, wakati mtoto amekwisha kurudi nyumbani.

Kwa mwenye selimundu jambo hili hudanganya sana. Anapata homa, mgongo na viungo vinamuuma, macho yanageuka manjano, na kila mtu anadhani ni maumivu yake ya siku zote. Dalili ya kushtukia ni mkojo mweusi kama chai ya rangi, na damu kushuka hata chini ya kiwango alichokuwa nacho kabla ya kuongezewa. Ukiona hayo ndani ya wiki mbili baada ya kutiwa damu, mrudishe hospitali na useme waziwazi tarehe aliyoongezewa. Akitiwa damu nyingine kwa pupa hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa hiyo daktari anahitaji kujua kabla hajaagiza mfuko.

Sisi wa visiwani tunasafirishwa. Mgonjwa anaanzia Lamu, anavuka kwa boti hadi Mokowe, anapelekwa Malindi au Mombasa, na kila mahali anafunguliwa faili jipya. Kwa hiyo aliyegunduliwa kingamwili anastahili kupewa jina la kingamwili hizo kwa maandishi, akae nayo mwenyewe, na mzazi aitoe karatasi hiyo kabla hajaulizwa. Kumwambia mzazi kwamba damu "imekataa" na kumwacha aende nayo hivyo hivyo hakumsaidii hata kidogo.

Baba wa Langoni, Lamu

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimetazama karatasi zetu zote na hakuna iliyotaja kingamwili. Imeandikwa "O chanya" na tarehe tu. Mifuko ile miwili haikuandikwa popote. Nikienda hospitali wiki hii, niombe kitu gani hasa? Na ikiwa ataongezewa damu tena, itakuwa vigumu kupata inayomfaa?

Fundi Maabara, Malindi

Omba kipimo cha kuchunguza na kutaja kingamwili. Plazma yake hujaribiwa na seti ya chembe ambazo antijeni zake zinajulikana, na kwa kutazama zipi zimeshikana na zipi hazikushikana, kingamwili hutambuliwa kwa jina. Ikiwa hospitali haina seti hiyo, waombe sampuli ipelekwe kituo cha damu cha Mombasa, wala usione haya kuuliza. Kwa kuwa ameongezewa damu karibuni, sampuli ya kulinganisha damu isizidi siku tatu, kwa maana kingamwili mpya zinaweza kujitokeza wakati wowote. Ya wiki iliyopita haifai.

Omba pia antijeni zake mwenyewe zipimwe, hasa C, c, E, e na Kell. Hilo subiri hadi ipite miezi mitatu bila kuongezewa damu, kwa sababu hivi sasa ndani ya mishipa yake zimo chembe zake na za mchangiaji, na jibu litachanganyika. Ugumu wa kupata damu hutegemea kingamwili ni ipi. Ikiwa ni dhidi ya Kell usiwe na wasiwasi, kwa kuwa Waafrika wengi sana hawana antijeni hiyo na karibu kila mfuko utafaa. Ikiwa ni dhidi ya e ndogo kazi itakuwa kubwa, maana walio nayo ni wengi mno, na hapo benki ya damu inahitaji kujulishwa mapema, kabla mtoto hajazidiwa. Mifuko miwili kukataa na wa tatu kukubali haitoshi kutuambia ni ipi. Jibu likitoka, liandike hapa, nami nitakueleza maana yake.